Kitufe cha Kusikia

Kabla ya kumpigia mtu simu nilikaa na karatasi
kwenye meza ya baba, inayonuka shaba na masizi,
nikaandika juu: TOVUTI. Nikapiga mstari.
Saa nzima ikapita. Mistari ikawa miwili.

Kaka yangu Asen akachungulia begani:
"Andika tunataka wateja."
Kana kwamba wateja ni chumvi,
unaagiza dukani, unaletewa.

Wa kwanza alituma makadirio kutoka Sofia,
kurasa kumi na nne, chati za rangi,
picha ya mwanamke anayeichekea simu yake
na ambaye, naapa, hajawahi kushika kondoo.
Ukurasa wa tisa alituita kampuni ya mapambo.

Wa pili ni wa hapa hapa Smolyan, mtoto wa mwalimu wangu.
Wiki moja, alisema, yuro mia mbili.
Rahisi ghali, nilijua; lakini paa la karakana linavuja
na mia mbili ni mia mbili.
Nikampa sabini za kuanzia, mkono kwa mkono, bila hati.
Akanitengenezea kengele ya Krismasi inayometameta,
kisha akaenda Ujerumani kuchuma stroberi,
na nywila akaenda nazo.

Galya alikuja kwa basi, barabara ikiwa bado tope la theluji.
Alikalia ndoo. Hakufungua kompyuta.
Nani ananunua? Wachungaji, nikasema, na siku hizi watalii.
Nani atajibu barua wewe ukiwa tanurini?
Nikamtazama Asen. Asen akatazama dirisha.
Na mchungaji akiingia mlangoni, huuliza nini kwanza?

Haulizi.
Huinyanyua kengele, huitikisa mara moja,
hufumba macho.
Bei huja baadaye, kama jambo la aibu.

Basi nikamlizia zote kumi na nane zilizoning'inia,
kuanzia ile ya mwanakondoo hadi ile ya beberu kiongozi,
ambayo baba aliigonga miezi miwili
akiitafuta sauti aliyodai aliisikia utotoni.
Galya aliandika mstari mmoja tu:
*Kitufe cha kusikia. Juu ya bei.*

Yuro elfu moja na mia nne.
Niliuza pikipiki ya baba.
Asen hakunisemesha siku mbili, ya tatu akaniomba chumvi.

Mkataba ulikuwa kurasa tatu; alinilazimisha kuusoma kwa sauti.
Jina la tovuti liandikwe kwangu, si kwake.
Theluthi sasa, theluthi nikiona, theluthi ikiwa hewani.
Akichelewa, nakata kumi kwa kila siku.
Maneno si kazi yake. "Siwezi kukuandikia baba yako," alisema.
Nikaandika mwenyewe, usiku saba, nikafuta sita.

Tuligombana pia. Nilitaka picha ya baba ifungue mlango,
na masharubu yake, na nyundo.
Yeye akasema mgeni ana pumzi mbili tu, apewe sauti.
Picha iko ndani, ukurasa wa pili.
Mpaka leo naona alikosea.

Alichelewa siku tisa. Nilikata tisini.
Alitia sahihi risiti bila kununa,
nami nikamfungia jibini, ambayo haikuwamo kwenye mkataba.

Usiku ule Asen alishika simu jikoni, kidole hewani,
kama mtu anayeogopa kuungua.
Akabonyeza ile ya beberu.

Nje, Murjo, aliyestaafu tangu tulipouza kundi,
mbwa ambaye hata akiitwa kula hujikokota,
aliinuka, akaja hadi mlangoni, akasimama
masikio juu, akisubiri tutoke.

"Bonyeza tena," nikasema.
Asen akazima simu.
"Tusimdanganye," akasema,
akaenda kumfungulia.